Askari Chini ya Msongo: Homoni, Kumbukumbu na Wajibu wa Mkufunzi



Mada ni pana, nami nitashika sehemu moja tu: askari anayetiwa katika kambi ya mateka ya kuigiza. Jeshi la Marekani lina kozi ya namna hiyo huko Fort Bragg, North Carolina. Mwanafunzi husakwa porini, hukamatwa, hunyimwa usingizi na chakula, kisha huhojiwa. Anajua fika kwamba wanaomhoji ni askari wenzake na kwamba siku ya kutoka ipo. Mwili wake haujali anachokijua.

Daktari wa magonjwa ya akili Charles Morgan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliwapima wanafunzi hao. Kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda hadi kuwa miongoni mwa viwango vikubwa kabisa vilivyopata kupimwa kwa binadamu. Testosteroni ilishuka ndani ya saa chache, ikafanana na ya mwanamume aliyehasiwa. Na hawa ni vijana wenye afya, waliochujwa. Basi kuruta akitetemeka tusikimbilie kumwita mwoga.

Makomandoo miongoni mwao nao homoni zao zilivurugika, ila walitofautiana na wengine katika nyuropeptidi Y, kemikali inayosaidia kuutuliza ubongo. Kwao ilipanda zaidi, na siku moja baada ya zoezi ikawa imerudi ilipoanzia, ilhali ya askari wa kawaida ilishuka chini ya hapo. Vipimo hivyo peke yake havimtenganishi aliyezaliwa hivyo na aliyejengwa na mafunzo, ndiyo maana siungi mkono wazo la kuchagua askari kwa kupima damu.

Linalonisumbua zaidi ni kumbukumbu. Mwaka 2004 watafiti hao walitoa matokeo ya askari 509 waliotakiwa, baada ya kuachiwa, wawatambue waliowahoji uso kwa uso. Katika gwaride la utambulisho, mhojaji aliyetumia maneno tu alitambuliwa na asilimia 62. Aliyewatisha na kuwasukumasukuma alitambuliwa na asilimia 30. Wengine walimnyooshea kidole mtu asiyehusika kabisa, tena bila wasiwasi.

Sisi wakufunzi tuna mazoea ya kuwapanga askari zoezi linapokwisha tu, jasho halijakauka, na kuwauliza nani alifanya nini. Anayejikanganya huonekana mwongo. Napendekeza maelezo ya kwanza yawe mafupi, walale, ndipo tathmini kamili ifanyike. Stadi ya lazima, kama kufunga jeraha linalovuja damu, izoezwe mpaka mikono iizoee kabla ya vitisho kuanza. Kilele cha msongo si wakati wa kufundisha jambo jipya. Na ikitokea ajali, maelezo ya mtu mmoja aliyekesha siku mbili yasitoshe kumpeleka mwenzake mahakama ya kijeshi.