Mali Bila Daftari: Nasaha kwa Wenye Dhamana ya Kuongoza

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Singida



Tumeombwa kusema machache juu ya uongozi na mipango. Hatusemi kama wataalamu wa vyuoni, bali kama watu waliofungua na kufunga milango ya maduka na viwanda vidogo vya mji huu kwa miaka mingi, wakajifunza mengi kwa kukosea.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Alizeti huvunwa baadaye, na mkamuaji wa mafuta hulazimika kununua kwa miezi michache mbegu za kumtosha muda mrefu. Akosaye mwezi Juni huendelea kulipia kosa lake hadi Desemba.

Nasi tulikosea hivyo mwaka mmoja. Bei ilituvutia, tukatumia fedha zote kujaza ghala, bila kuacha akiba ya vipuri wala ya mishahara. Mashine ilipovunjika, ghala lilikuwa limejaa na mfuko ni mtupu. Vijana wetu walikaa nyumbani wiki sita bila ujira. Wawili waliokuwa hodari hawakurudi, wala hatukuwa na haki ya kuwalaumu. Lililotuuma zaidi ni kwamba karani wetu alikuwa ameiona hatari mapema, lakini hakuthubutu kusema, kwa maana tulikuwa na desturi ya kumkatiza kila atoaye shaka.

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, hotuba yake ilijulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Sisi hatukuchagua; tulitaka vyote kwa mara moja.

Tutazame pia jirani zetu wa Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu ya nchi ulitolewa mwaka 1973, ukikusudiwa kutimia kwa miaka kumi. Serikali ilihamia kwa wingi baada ya mwaka 2016. Wengi walioanza safari hiyo hawakuwapo ilipofika mwisho. Mpango mkubwa, basi, hauna budi kuandikwa na kurithishwa.

Kutokana na hayo, tuna nasaha tatu. Kwanza, kabla ya msimu kuanza, zigawanyeni fedha katika mafungu: ununuzi, matengenezo na mishahara. Fungu la mishahara lisiguswe hata bei ya mbegu ikishawishi namna gani. Pili, kila juma waulizeni walio chini yenu ni jambo gani linaelekea kuharibika, na mkubwa awe wa mwisho kusema. Tatu, mfundisheni mtu wa pili kazi yenu mngali wazima. Ondokeni majuma mawili, kisha mrudipo mtazame ni kitu gani kilisimama. Hicho ndicho mlichokuwa mmekificha kichwani.

Kila Diwali, katika Chopda Pujan, wafanyabiashara wetu huweka vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na kumwomba baraka. Utotoni tulidhani baraka hiyo ni faida. Leo twaona kwamba ukurasa mweupe ni ahadi pia: kitakachoandikwa humo kiwe kweli, na kila astahiliye apate chake. Majirani zetu Waswahili walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Vijana, siku si nyingi tutawakabidhi funguo. Tuombeni na daftari. Tukisita kuwaonyesha, jueni kwamba bado hatujajifunza, mtukumbushe kwa heshima.