Imani Tuliyopewa Tuwape na Wengine

(Maneno ya walimu wa dini mbele ya Wakristu, siku ya Jubilei ya Jimbo)

Leo ni siku ya furaha. Tangu alfajiri kengele imelia, ngoma zimepigwa, na watu wamehesabu mema yote ambayo Mwenyezi Mungu ametujalia katika miaka hii: makanisa, shule, nyumba za wagonjwa, mapadre waliozaliwa katika vijiji vyetu. Ni haki na wajibu kumshukuru. Lakini sisi walimu hatukuitwa hapa kuhesabu. Tumeombwa kusema neno moja tu: imani hii ilitufikiaje, nayo itawafikiaje wale ambao bado hawajaipata?

Kila mmoja wenu na ajiulize moyoni mwake: ni nani aliyenitajia jina la Yesu mara ya kwanza? Tumewauliza wengi swali hili, na majibu yao ni karibu sawasawa. Mmoja husema, Ni bibi yangu. Mwingine, Ni mke wangu, niliyemwoa akiwa Mkristu. Mwingine, Ni jirani tuliyelima naye shamba moja. Wachache sana husema, Ni padre. Padre alikuja baadaye, akafundisha kwa mamlaka ya Kanisa, akabatiza, akaondolea dhambi, akawalisha Mwili wa Bwana. Kazi hiyo ni yake, wala hapana awezaye kuishika badala yake. Lakini mlango wa kwanza ulifunguliwa na mtu asiye na daraja takatifu wala cheo.

Wala jambo hili si geni. Katika Injili twaona kwamba Andrea, mara tu alipomjua Bwana, alikwenda kumtafuta ndugu yake Simoni akampeleka kwake. Yule mwanamke Msamaria aliacha mtungi wake kisimani akawaita watu wa mji wake. Yule mtu aliyetolewa pepo wengi aliomba afuatane na Yesu, naye Bwana akamrudisha nyumbani kwake, awaeleze jamaa zake aliyotendewa. Tena katika Matendo ya Mitume, baada ya kuuawa kwa Stefano, Wakristu walitawanyika kwa dhuluma. Na hao waliotawanyika, wasio mitume, ndio waliolichukua neno hata Antiokia, mji ambao wanafunzi waliitwa Wakristu kwa mara ya kwanza. Majina ya watu hao hayakuandikwa. Mungu ayajua.

Lakini mtu aweza kusema: Hayo ni mambo ya kale, ya nchi za mbali. Basi tutazame karibu, ng'ambo ya ziwa letu kubwa, katika nchi ya Buganda.

Mwaka 1879, mwezi wa Februari, Padre Lourdel na Bruda Amans wa shirika la Mapadre Weupe walifika huko, na wenzao wakawafuata baadaye. Walifundisha, na mwaka 1880 wakabatiza watu wa kwanza, wachache tu. Lakini mambo ya ikulu ya Kabaka Mutesa yalikuwa magumu, na mwezi wa Novemba mwaka 1882 mapadre waliondoka wote. Wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, wakakaa Bukumbi karibu na Mwanza, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kule nyuma walikoondoka hapakubaki padre hata mmoja. Hapakuwa na Misa, wala maungamo, wala Komunyo Takatifu. Na Wakristu wenyewe wengi walikuwa wamebatizwa mwaka ule ule.

Wapenzi, tulitafakari jambo hili. Kama leo mapadre wetu wote wangeondoka, wakakaa ng'ambo ya ziwa miaka karibu mitatu, wakirudi wangekuta nini? Wangekuta watu wakisali, au wangekuta mlango wa kanisa umefungwa na nyasi zimeota mbele yake?

Mapadre waliporudi Buganda mwaka 1885, hawakukuta kundi lililotawanyika. Walikuta kundi limeongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana watumishi wa ikulu, alikuwa amewafundisha vijana wale na kuwalinda na uovu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwakusanya watu nyumbani kwake akawafundisha sala na amri. Huko Mityana, mwendo mrefu kutoka ikulu, Mathiasi Kalemba na Luka Banabakintu waliliongoza kundi jingine, na pamoja nao alikuwapo Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Angalieni, ndugu zetu: mtumishi, mpiga ngoma, mfinyanzi. Hakuna aliyeacha kazi yake ili afundishe dini. Alifundisha palepale kazini mwake.

Mwisho wao mwaujua. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, kwa kuwa alimwonya Kabaka Mwanga juu ya matendo yake. Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, akaishika kazi ya Mukasa ya kuwalea vijana. Mwezi wa Mei mwaka 1886, hatari ilipofika mlangoni, Lwanga mwenyewe aliwabatiza baadhi ya vijana ambao hawajabatizwa bado, naye Kizito alikuwa miongoni mwao, kijana mdogo kuliko wote. Hakuwa padre, bali Kanisa lafundisha kwamba penye hatari ya kufa kila mtu aweza kubatiza, naye alilijua fundisho hilo akalitumia. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, pamoja na Wakristu wa Kianglikana waliokufa kwa ajili ya Kristu yule yule. Andrea Kaggwa alikuwa amekwisha kuuawa siku chache kabla, hasa kwa sababu ya kufundisha kwake. Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 Wakatoliki kuwa Watakatifu.

Twapenda kuwaheshimu kwa sababu ya kifo chao, na ni vema. Lakini sisi walimu twawaomba leo mwaheshimu pia miaka ile mitatu isiyo na padre. Kufa kwa ajili ya imani si wengi wanaoitwa. Kumfundisha jirani ishara ya Msalaba, kila mmoja wetu ameitwa.

Tuna mfano mwingine kwetu, katika pwani ya Ziwa Tanganyika. Adriani Atiman alizaliwa katika nchi za mto Niger. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, kisha Mapadre Weupe wakamkomboa. Akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo alikaa akitibu wagonjwa na kuwaeleza habari za Mungu hata kufa kwake mwaka 1956, yaani miaka zaidi ya 60. Alioa, akazaa, na mwanawe akawa padre. Mtu huyu alikuwa na sababu nyingi za kuwachukia wanadamu. Badala yake aliwafunga vidonda. Wangapi walimpenda Mungu kwa kuwa kwanza waliiona mikono ya mganga yule? Hesabu hiyo haikuandikwa katika kitabu cho chote cha misioni.

Na Kanisa lenyewe limenena waziwazi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba wito wa Mkristu kwa asili yake ni wito wa utume pia. Basi asiseme mtu: Kazi hiyo ni ya padre, au, Ni ya mwalimu wa dini. Ubatizo haukutupa kiti cha kukalia tu. Ulitupa na safari.

Sasa yatupasa kuungama jambo mbele yenu. Ni kosa letu sisi walimu, wala hatutaki kulificha siku ya sikukuu.

Katika kigango kimoja palikuwa na fundi seremala. Hakubatizwa. Nyumba yake yaelekea mlango wa kanisa, hata moshi wa jiko lake huingia madirishani. Sisi ndio tuliompa kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa. Tulipatana naye bei, tukamlipa fedha yake yote, tukamshukuru, tukaenda zetu. Kwa miaka mingi tukampita kila Jumapili, sisi na vitabu vyetu kwapani, tukamwamkia kwa heshima: Shikamoo, fundi. Naye aliitikia vema. Tukaona tumetimiza ujirani.

Kisha fundi akashikwa na ugonjwa wa kifua. Palikuwa na mama mmoja mjane, Mkristu, asiyejua kusoma, ambaye alimpelekea uji asubuhi. Siku moja akamwuliza, Fundi, wapenda nikuombee kwa Mungu? Mzee akanyamaza kwanza, kisha akajibu: Mama, tangu nilipoyachonga mabenchi yale nalingoja mtu aniambie, Njoo, nawe uketi. Hakuna aliyeniambia. Nikadhani Mungu wenu ni wa ukoo wenu tu.

Mjane yule alilia. Kisha hakuja kututafuta sisi kwanza. Alianza mwenyewe, siku ile ile, kwa ishara ya Msalaba. Akamfundisha Baba Yetu kwa kinywa, neno kwa neno, huku akimnywesha uji. Tulipopata habari tukaenda kwa haya, tukamfundisha yaliyosalia, na padre akambatiza. Jumapili iliyofuata vijana wawili walimshika mikono wakavuka naye njia. Aliketi juu ya benchi la nyuma, karibu na mlango, akalipapasa ubao wake kwa kiganja. Aliketi hapo mara ile moja tu. Kabla ya mwezi kwisha tukamzika.

Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ndugu zetu, ile miaka aliyongoja ni ya nani? Ni yetu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tuliokwisha kushiba neno la Mungu tulimwona jirani yetu kila siku, wala hatukufahamu kwamba ana njaa.

Twajua mnayosema, maana nasi twayasema. Wengine husema, Mimi sikusoma. Mjane yule naye hakusoma. Wengine husema, Nikisema habari za dini watanicheka, kwa sababu wanajua makosa yangu. Basi waambie makosa yako ni ya kweli, na huruma ya Mungu nayo ni ya kweli. Neno hilo lasikika kuliko la mtu ajifanyaye hana dhambi. Wengine huogopa kugombana na majirani wa dini nyingine. Hatuwaambii mgombane. Imani haiuzwi sokoni wala hailazimishwi kwa nguvu, na mtu anayemdharau jirani yake hawezi kumwonyesha Kristu. Jirani akikataa, mheshimu, umpende vilevile, uendelee kumsaidia shambani na msibani. Kumkaribisha mtu si kumvuta kwa kamba.

Twawapa basi mambo matatu mepesi ya kushika kutoka katika Jubilei hii.

La kwanza, kila Mkristu amchague mtu mmoja, akamwombee kila siku kwa jina lake. Si watu wote wa dunia, mmoja. Anayemwombea mtu kwa jina hawezi kumpita njiani kama hamjui.

La pili, nyumba iwe na sala ya jioni inayosikika. Watoto na waisikie, na mgeni aliyelala kwako aisikie. Wengi walivutwa na sala waliyoisikia nje ya ukuta, kabla ya kuvutwa na mahubiri.

La tatu, siku ikifika, usikie aibu kusema yale maneno mafupi: Njoo, tuende pamoja. Usingoje kuwa mtakatifu. Usingoje kujua majibu yote. Asiyejua jibu na amlete mwenzake kwa mwalimu au kwa padre. Kazi ya kuleta imekwisha kuwa nusu ya kazi.

Nanyi walimu wenzetu, maneno ya mwisho ni yetu. Tusipendezwe na daftari iliyojaa majina ya wakatekumeni tu. Tuulize pia: katika kigango changu, Wakristu wangapi wamejifunza kuwafundisha wengine? Mwalimu atakayekufa na kazi yake ikafa naye, hakufundisha vema. Bali yule atakayeondoka, na watoto wakaendelea kukusanyika kusali jioni kwa sauti ya mama mmoja asiye na cheo, huyo alifundisha kama walivyofundishwa wale wa Buganda.

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo ilivyo katika nyumba ya Mungu. Atakayemleta mgeni, imani yake mwenyewe itapona.

Wapenzi Wakristu, mabenchi ya kanisa letu yangali na nafasi. Tutakapotoka hapa leo, tutazame kushoto na kuume njiani. Huenda yuko mtu anayengoja miaka mingi neno moja kutoka kinywani mwetu. Tusimcheleweshe tena.

Ee Roho Mtakatifu, uliyewapa nguvu Mashahidi wetu, ifungue midomo yetu. Maria, Malkia wa Mitume, utuombee. Watakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.

Tumsifu Yesu Kristu!