Wizara Iliyobaki: Jinsi ya Kulisoma Baraza la Mawaziri la Uingereza la 1931

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa



Mhadhara huu una kilichouchokoza, na ni haki nikitaje mapema. Miaka kadhaa iliyopita, katika warsha moja kuhusu serikali za umoja wa kitaifa, msemaji ambaye sitamtaja alitupandishia jedwali ukutani. Juu kabisa liliandikwa: Uingereza, Agosti 1931, Labour wanne, Wahafidhina wanne, Waliberali wawili. Chini yake ikafuata Kenya ya 2008, kisha Zanzibar ya 2010. Akasema kwamba hizi zote ni ukoo mmoja, na kwamba serikali ya namna hii hupimwa kwa swali moja tu: kila upande umeondoka na viti vingapi? Ukumbi ukampigia makofi. Mimi nilinyamaza, jambo litakalowashangaza wanaonifahamu, kwa kuwa mwenyekiti alikwisha tangaza chai. Leo hakuna chai mpaka nimalize.

Kisa chenyewe mnakijua, sitakirefusha. Mwisho wa Julai 1931 kamati ya Sir George May ilitabiri pengo la pauni milioni 120 katika bajeti. Pauni ikayumba. Baraza la Labour chini ya Ramsay MacDonald likagawanyika juu ya kupunguza posho ya wasio na kazi kwa asilimia 10. Mawaziri tisa hivi wakagoma, Arthur Henderson akiwa mbele yao, na usiku wa Jumapili tarehe 23 Agosti serikali ikafikia mwisho. Kesho yake Mfalme George V akawaweka chumba kimoja MacDonald, Stanley Baldwin wa Wahafidhina na Herbert Samuel wa Waliberali. Lloyd George alikuwa akiuguza kidonda cha upasuaji, ndiyo maana aliyeitwa ni Samuel. Wakatoka na Serikali ya Kitaifa yenye baraza la watu kumi. Basi, hayo yanatosha.

Sasa lile jedwali. Kosa lake la kwanza ni kwamba linahesabu waliokaa mezani na kuwasahau waliobaki ukumbini. Austen Chamberlain, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1924 hadi 1929, alipewa Jeshi la Majini na kuachwa nje ya baraza. Lord Crewe alikuwa na Wizara ya Vita, nje ya baraza. Archibald Sinclair alikuwa na Scotland, nje ya baraza. Baraza lilikuwa dogo. Serikali haikuwa ndogo. Anayetangaza uwiano wa nne, nne na wawili ametangaza uwiano wa kikao, hajagusa uwiano wa madaraka.

La pili ni zito zaidi. Hao Labour wanne walikuwa nani? MacDonald mwenyewe, Philip Snowden wa Fedha, J. H. Thomas, na Lord Sankey, Mkuu wa Sheria. Nyuma yao palikuwa na wabunge wachache mno, na kabla Septemba haijaisha chama kilikuwa kimemfukuza MacDonald uanachama. Kwa hiyo viti vinne vya Labour vilikuwa viti vya watu ambao Labour haikuwatambua. Kuviandika katika safu ya chama hicho ni sawa na kuandika hesabu kwa jina la mtu aliyekwisha funga akaunti. Tena Wahafidhina hawakuona shida kumwachia Snowden Wizara ya Fedha. Bajeti ya dharura ya tarehe 10 Septemba, yenye kodi mpya na makato, ilisomwa na mjamaa wa muda mrefu. Ingesomwa na Mhafidhina Neville Chamberlain, wapinzani wangeiita bajeti ya matajiri. Wakati mwingine chama hupata kingi kwa kutokikalia kiti.

La tatu ni la Novemba, na hapa naomba mnivumilie kwa tarakimu, maana nimeamua kumshinda mwenye jedwali kwa silaha yake. Uchaguzi wa tarehe 27 Oktoba uliipa Serikali ya Kitaifa viti 554 bungeni, 470 kati yake vya Wahafidhina. Kikundi cha MacDonald kilipata 13. Baraza jipya lilikuwa la watu 20: Wahafidhina 11, Waliberali wa makundi mawili 5, watu wa MacDonald 4. Fanyeni hesabu. Wahafidhina walipata waziri mmoja kwa kila wabunge 43 hivi. Watu wa MacDonald walipata mmoja kwa kila watatu. Kwa kipimo cha jedwali, hii ingekuwa serikali ambamo Wahafidhina walionewa kuliko wote!

Ilikuwaje basi? Neville Chamberlain alikwenda Fedha. Snowden aliachwa bila wizara ya kuongoza: akapewa ubwana na Muhuri wa Mfalme. Januari 1932 baraza likabuni jambo la ajabu, kwamba mawaziri wasioafiki ushuru wa forodha waruhusiwe kuupinga hadharani, hata kuupigia kura ya hapana, na wabaki mawaziri. Wengine husifu hilo kama ustaarabu. Mimi naliona kama risiti: liliwaruhusu Waliberali wa Samuel kusema lolote kwa sharti kwamba halitabadili chochote. Mwaka huohuo ushuru wa jumla wa asilimia 10 ulianza kutozwa, mkutano wa Ottawa ukaweka upendeleo wa biashara ndani ya himaya, na mwisho wa Septemba Samuel, Sinclair na Snowden wakajiuzulu. Biashara huria, jambo lililowapa Waliberali jina na historia, ilizikwa na baraza ambamo walikuwa na viti.

Kuna wanaokwenda upande wa pili kabisa na kusema kwamba baraza zima lilikuwa kinyago cha Wahafidhina, na MacDonald alipanga njama tangu mwanzo. Sidney Webb aliandika hivyo mwaka 1932, na Reginald Bassett akamjibu kitabu kizima mwaka 1958. Mimi niko na Bassett kuhusu njama: watu wale walikuwa wamechoka, wameogopa, na walidhani ni mambo ya wiki chache. Lakini wote wawili walikuwa wakitazama viti vilevile vikubwa. Kiti ninachotaka tukitazame ndicho alichokalia Webb mwenyewe. Maana Webb ndiye Lord Passfield, na Lord Passfield ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni.

Imani yangu, nayo nimekuwa nayo muda mrefu kiasi kwamba wanafunzi wangu huiandika kwenye mtihani hata pale swali halihusiki, ni hii: ukitaka kulijua baraza la muungano, tafuta wizara ambayo hakuna aliyeigombea. Hiyo ndiyo kabari ambayo fundi huigongomea mwishoni ili viungo vingine vikae. Mwaka 1931 kabari hiyo ilikuwa Makoloni. Mwezi Agosti ilikabidhiwa Thomas, ambaye tayari alikuwa na Wizara ya Madominioni, aishike pamoja na ile. Ni kweli aliwahi kuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1924. Lakini hakurudishwa huko kwa ujuzi wake. Viti vilikuwa kumi, wizara zilikuwa nyingi, na hiyo moja ilibebeshwa aliyekuwepo.

Na ilikuwa inashikilia nini wakati huo? Hapa nawaomba radhi, nitaingia kwenye vitabu ninavyovipenda kuliko vyote katika taaluma yangu: juzuu tatu za Kamati ya Pamoja ya Bunge kuhusu muungano wa Afrika Mashariki, zilizochapwa 1931. Juzuu ya kwanza ni ripoti, na wengi huishia hapo. Mimi naishi katika ya pili, ya ushahidi. Kila swali lina namba, kila jibu liko chini ya swali lake, na humo wamo watu wetu wakihojiwa na mabwana wa London juu ya ardhi, kodi na utawala. Kutoka Kenya walikwenda Chifu Koinange wa Mbiyu, James Mutua na Ezekiel Apindi. Kutoka Uganda alikuwemo Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda. Kutoka Tanganyika walikwenda Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba na Martin Kayamba wa Tanga. Jomo Kenyatta na Parmenas Mockerie, waliotumwa na Kikuyu Central Association, walikuwa London wakati huo na kamati haikuwasikiliza.

Kayamba ndiye wangu. Msomi wa chuo cha Kiungani, karani wa serikali, mwanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, na mwandishi wa kitabu cha Kiswahili kuhusu safari ile, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka 1932. Nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nakala iliyopoteza jalada, niliyoazimwa na mzee mmoja kwa sharti nisiitoe nje ya baraza yake. Niliisoma nimeketi mkekani, mkewe akinipitishia kahawa na kuniuliza kama nimefika Uingereza tayari. Hata sasa nikisoma historia ya mawaziri wa Uingereza, namwona karani huyu wa Tanga akiitazama London kwa macho ya mtu anayejua ofisi inavyofanya kazi. Ushahidi wake na wa wenzake ulichukuliwa wakati huku kwetu ni masika, Passfield akiwa waziri. Ripoti ilipotoka, Oktoba, ikisema kwamba wakati wa muungano haujafika, waziri alikuwa Thomas. Mwezi uliofuata waziri alikuwa Philip Cunliffe-Lister. Mashahidi walizungumza chini ya serikali moja, wakajibiwa chini ya pili, na jibu likakabidhiwa ya tatu.

Cunliffe-Lister alifikaje Makoloni? Agosti alikuwa Wizara ya Biashara. Novemba, Chamberlain, mtetezi wa ushuru, alipokwenda Fedha, ilibidi Biashara apewe Mliberali ili mizani ionekane. Akapewa Walter Runciman. Cunliffe-Lister akahitaji pa kukaa. Wakati huohuo William Ormsby-Gore, aliyeongoza tume ya Afrika Mashariki mwaka 1924 na kuizunguka kanda hii mwenyewe, aliingizwa kwenye baraza hilohilo na kupewa wizara ya majengo na bustani za serikali.

Mtasema: ilileta tofauti gani kwa mtu wa Kavirondo, magharibi mwa Kenya? Ilileta. Sheria ya Kenya ya 1930 kuhusu ardhi za hifadhi za Waafrika, iliyopita katika siku za Passfield, ilisema kwamba ardhi ikitolewa hifadhini lazima ifidiwe kwa ardhi nyingine. Kisha dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: kwa ajili ya migodi, fidia ya fedha ikatosha, na baraza la wenyeji halikulazimika kuulizwa kwanza. Waziri aliyeridhia alikuwa Cunliffe-Lister. Ahadi ilidumu takriban miaka miwili.

Nipime kwa haki. Passfield naye hakuwa shujaa. Tamko lake la 1930 kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie lilipigiwa kelele na walowezi, naye hakulisimamia kwa nguvu. Magavana na maofisa wa wizara waliendelea na kazi yao, waziri awe nani. Cunliffe-Lister mwenyewe alikuwa mchapakazi, akakaa hapo zaidi ya miaka mitatu. Na muungano, ambao mashahidi wetu hawakuutaka, haukuja. Hayo yote nayakubali. Lakini tazameni nguo. Mwaka 1934 waziri huyu, ambaye akili yake haikuwahi kutoka Biashara, aliweka kikomo cha uingizaji wa vitambaa vya Japani katika makoloni ili kuviokoa viwanda vya Lancashire. Afrika Mashariki iliponea kwa sababu ya mikataba ya bonde la Kongo iliyokataza ubaguzi wa biashara. Marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia vitambaa vya Kijapani vilivyojaa madukani Tanga, bei yake ikimfaa hata mchuma mkonge. Hakujua kwamba alivaa kwa hisani ya mkataba. Waziri angeweza, asingevivaa.

Na kabari iliendelea kugongwa. Juni 1935 MacDonald alimwachia Baldwin uwaziri mkuu, Cunliffe-Lister akahamishiwa Anga kwa sababu ya Ujerumani, na Makoloni akapewa Malcolm MacDonald, mtoto wa waziri mkuu aliyeondoka, umri wake miaka 33, ili kikundi cha baba yake kisipungue barazani. Novemba Malcolm alishindwa jimboni kwake. Akabadilishana wizara na Thomas. Mei 1936 Thomas akaanguka kwa kashfa ya kuvujisha siri za bajeti, na hapo ndipo Ormsby-Gore alipotolewa kwenye majengo na bustani. Makabidhiano matano ndani ya miaka isiyotimia mitano, na hakuna hata moja lililosababishwa na jambo lolote lililotokea kwenye koloni.

Najua hoja itakayotolewa wakati wa maswali, kwa hiyo naijibu kabisa. Itasemwa kwamba Malcolm MacDonald ndiye huyohuyo aliyekuja Nairobi Januari 1963 kuwa Gavana wa mwisho wa Kenya, akaharakisha uhuru, akaelewana na Kenyatta. Hivyo mfumo ule wa kugawana viti ulizaa mtu mwema. Namkubali mtu. Alirudi Makoloni mwaka 1938, akaisoma kazi, na alipofika Nairobi alikuwa mtu mzima wa miaka 61 aliyekwisha tumikia nchi kadhaa. Lakini mwaka 1935 hakuna kati ya wale walioketi kumpangia kiti aliyekuwa akiifikiria Nairobi; walikuwa wakihesabu watu wa MacDonald, wakaona amepungua mmoja.