Ubao Uandaliwe Kabla ya Leza: Mazungumzo kwa Mafundi wa Kapseret



Katika Eldoret, jiji la wanariadha, ubao wenye jina la mshindi ni zawadi ya heshima. Jina likitoka na madoa ya moshi, mteja hachukui, na fundi amepoteza ubao, stima na siku nzima. Lawama huangukia mashine, ilhali mara nyingi kosa lilifanyika kabla haijawashwa.

Kwanza ni unyevu. Ubao wa kuchongwa kwa leza unafaa kuwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Asiye na kipimo apime kipande kwa mizani kila baada ya siku chache. Kikiendelea kupungua uzito, bado hakijakauka. Msimu wa mvua fundi asiharakishe. Ubao mbichi hupinda, na ukipinda mwale hauupati sawasawa: herufi za upande mmoja huwa nyeusi, za upande mwingine zimefifia.

Saiprasi na paini hupatikana kwa urahisi, lakini zina mistari laini na migumu. Ile laini huchomeka zaidi, kwa hivyo maandishi madogo hutoka yakiwa na mawimbi. Fundi achague ubao wenye mistari iliyokaribiana, aepuke vifundo na utomvu, kisha ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha ubao huohuo.

Baada ya randa, msasa namba 120, halafu 180, na kumalizia 220, daima kufuata nyuzi. Vumbi lipanguswe kwa brashi hadi kwenye vinyweleo vya mti, maana nalo huungua na kuacha weusi. Kisha uso ufunikwe kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, au upakwe sila nyepesi, ili moshi usiingie kwenye mbao. Sila ikauke kabisa. Ikiwa mbichi hushika moto.

Lipo jambo zito zaidi. Eldoret ina viwanda vya kutibu nguzo za stima na za ua. Vipande vya nguzo hizo, vyenye rangi ya kijani, huvutia kwa kuwa ni vya bure. Dawa yake ina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake ni sumu. Hakuna msasa wala tepu itakayovisafisha, kwa sababu dawa imepenya ndani. Rangi hiyo nayo hupauka juani, kwa hivyo mbao isiyojulikana ilikotoka isiwekwe kwenye mashine.

Hata kwa mbao safi, feni itoe moshi nje, mbali na dirisha la jirani. Kizima moto kiwe karibu, na mashine isiachwe ikichonga peke yake, hata kama chai imeiva.