SIMU ZETU ZISEMEZANE
Hotuba kwa wajumbe wa matawi ya pwani, Malindi mpaka Mtwapa

Ndugu wajumbe, na ninyi wafanyakazi wenzetu wa mahoteli, wa chumvi na wa mkonge,

Leo hatukuja kusema habari za mshahara, ingawa neno hili lina mkono wake katika mshahara. Chama ni habari. Notisi ikichelewa kufika Marereni, wafanyakazi wa chumvi hawaji kupiga kura, na jambo lao huamuliwa bila wao.

Tazameni hali yetu. Tawi moja hupeana habari kwa WhatsApp, la pili kwa Telegram, na la tatu lina wanachama wengi wenye simu za mulika mwizi, wasiopata ila SMS. Katibu huandika tangazo moja mara tatu, na bado yuko anayelikosa. Aliye katika WhatsApp hawezi kumwandikia aliye katika Telegram, hata wakiwa wamekaa benchi moja. Lakini SMS hutoka mtandao wowote ikafika mtandao wowote. Kwa nini? Kwa sababu wenye mitandao ya simu wana mapatano ya kupokeleana. Mapatano ya namna hii, yakiandikwa waziwazi ili kila fundi ayafuate, huitwa itifaki wazi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1865 nchi 20 zilikutana Paris zikapatana juu ya simu za waya, kwa kuwa kabla ya hapo ujumbe ulisimamishwa mpakani ukanakiliwa kwa mkono. Hapa kwetu, M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi aliyetumiwa fedha akiwa mtandao mwingine hakuziona katika akaunti yake. Alipelekewa nambari, akatafute wakala. Tanzania walitutangulia kuunganisha. Kwetu ilikuwa Aprili 2018. Je, kampuni zilikufa? Hazikufa.

Hata intaneti yenyewe ilipitia mlango huo. Novemba 2000 watoaji wa intaneti wa Nairobi walifungua kituo cha kubadilishana habari, ili barua ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake isizunguke ng'ambo kwa setilaiti. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake wakati ule, ililalamika, na kituo kikafungwa. Watu wakashikilia madai yao, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Hilo ni somo kwa chama: njia ya pamoja haipatikani kwa kungojea hisani.

Katika ujumbe wa papo kwa papo, itifaki wazi iko tangu zamani. Mwaka 1999 Jeremie Miller wa Marekani alitangaza Jabber, na mwaka 2004 ikawa kanuni iitwayo XMPP. Baadaye ikaongezewa sauti na video. Google iliitumia kuanzia 2005, mwaka 2006 ikawafungulia wengine mlango, kisha kuanzia 2013 ikahamia mtambo uliofungwa. Waliotegemea mlango ule wakabaki nje. Huko Ulaya, tangu Machi 2024 sheria yailazimisha WhatsApp kuwafungulia watoaji wengine waombao. Maandishi na picha kwanza, simu za sauti na video baadaye. Sheria hiyo haitufikii sisi. Kwa hivyo yatupasa kujisaidia.

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, msafiri wa Malindi alingoja feri. Leo kila gari hupita, halisemi ni la kampuni gani. Ndivyo tunavyotaka habari zetu zipite.

Basi twaleta mbele yenu mambo manne.

Kwanza, orodha ya wanachama na nambari zao iwekwe na chama chenyewe. Isikae katika kundi la simu ya mtu mmoja, maana simu ikipotea au akaunti ikifungwa, tawi zima limepotea.

Pili, chama kiwe na mtambo wake wa ujumbe unaofuata itifaki wazi, kama XMPP au Matrix, na kila tangazo litoke pia kwa SMS, ili mwenye simu ndogo asiwe mwanachama nusu.

Tatu, mikutano ya wajumbe ifanywe kwa video pale nauli inapotushinda. Programu kama Jitsi ni wazi, na mtu huingia kwa kivinjari tu. Lakini picha hula bando kuliko sauti. Kwa hivyo wajumbe wa tawi wakusanyike mbele ya skrini moja ofisini, na mtandao ukilegea, picha izimwe, sauti iendelee. Asirekodi mtu bila mkutano kukubali.

Nne, wachaguliwe watunzaji watatu wa mtambo, na fedha za kuutunza ziandikwe katika makadirio ya mwaka. Mtambo usio na mtunzaji hufa, na ukifa watu watarudi walikotoka.

Hatuwaambii mtupe WhatsApp. Jamaa zenu wako huko, kaeni nao. Twasema tu kwamba kazi ya chama isiwekwe katika nyumba ambayo ufunguo wake hatuna.

Jadilianeni matawini, mrudi na majibu ya wanachama.