Semina Zisiishie Mjini



Habari ya Australia mmeshaisikia. Tumeisoma hapa tangu Jumatano, tarehe 10 Desemba 2025, siku sheria yao ilipoanza kazi: mtoto aliye chini ya miaka 16 marufuku kuwa na akaunti ya TikTok, Facebook, Instagram, YouTube na mitandao mingine ya namna hiyo. Na tangu siku hiyo, kila palipo na benchi na watu wawili, kuanzia Mapogoro hadi Mahuninga, neno ni moja: na sisi tufunge.

Kituo hiki cha redio hakina ugomvi na Australia. Wana watoto wao, wana sheria zao. Hofu yetu iko hapa, katika tarafa ya Idodi, wilaya ya Iringa.

Sheria ile inafunga akaunti ya mtoto. Huku kwetu mtoto hana akaunti. Ana simu ya mama. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mama na kitambulisho cha NIDA cha mama, WhatsApp ina jina la mama, Facebook ina picha ya mama na sare yake ya kwaya. Ukifunga akaunti za watoto nchi nzima leo, mtoto huyu hutamgusa. Na WhatsApp yenyewe haimo katika orodha ya Australia. Wameiacha kwa sababu wanaihesabu kuwa chombo cha kutumiana ujumbe. Haya, mzazi mwenzangu wa Tungamalenga, jiulize ile video mbaya uliyoikuta kwenye simu yako wiki iliyopita iliingia kwa njia gani. Iliingia kwa WhatsApp, kwenye kundi la ukoo au la vikoba.

Kufunga nako tumekuonja. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei 2025, na vijana wakawa wanauingia kwa VPN kama kawaida.

Sasa tuwataje watoto ambao katika mjadala wote huu hakuna aliyewataja. Mtoto kiziwi. Mtoto mwenye ulemavu wa akili. Mtoto mwenye usonji. Mtoto mwenye uoni hafifu. Mtoto mwenye ualbino. Msiseme ni wachache. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hao ni zaidi ya mmoja katika kila kumi. Wako katika kila kitongoji. Na mwezi huu wako nyumbani, kwa sababu shule zimefungwa na wale wanaosoma bweni, viziwi wa Mtwivila pale Iringa mjini, wasioona wa Makalala kule Mafinga, wamerudi likizo.

Mchukue huyo kiziwi aliyerudi likizo. Shuleni alikuwa na wenzake wa kuongea nao kwa mikono toka alfajiri hadi kulala. Nyumbani hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama. Baba anamwonyesha jembe, mama anamwonyesha sahani, basi, mazungumzo yameisha. Kitu kimoja tu nyumba nzima kinaweza kumpa mtu wa kuongea naye, nacho ni simu ya mama: anaisimamisha kwenye chupa ya maji, anapiga simu ya video kwa rafiki yake wa bwenini, na mikono inaanza kwenda. Leo umwambie mzazi huyo amnyang'anye simu kwa sababu mtandao ni hatari? Umemziba mdomo mtoto wako mwenyewe.

Kwa hiyo kituo hiki kinasema wazi: dawa si kumnyang'anya. Lakini kumwachia peke yake nako si malezi. Kwa sababu huyohuyo kiziwi, bando likiisha, atatokea kijana wa kibandani atakayemwekea la bure. Leo bure, kesho bure, keshokutwa anaomba picha. Mtoto hana wa kumuuliza kama hilo ni sawa. Na mtoto mwenye ulemavu wa akili, ambaye tangu akiwa mdogo tumemfundisha kumtii kila mkubwa, akisoma ujumbe unaosema ile hela tuma kwenye namba hii, atatuma. Akiambiwa vua, atavua. Hatuna haja ya kuzunguka katika jambo hili.

Na anayefanya haya mara nyingi si mgeni. Mwaka 2022 ECPAT, INTERPOL na UNICEF walitoa ripoti ya utafiti wao hapa Tanzania. Walikadiria kwamba katika mwaka mmoja watoto wapatao 200,000 wa miaka 12 hadi 17 walifanyiwa ukatili wa kingono au kunyonywa kingono kwa kutumia mtandao. Laki mbili, katika mwaka mmoja. Na ripoti ikasema jambo ambalo wazazi wengi hawapendi kulisikia, kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto alikuwa anamfahamu tayari. Na kwamba watoto hawa karibu hawaendi kabisa polisi wala hawapigi namba za msaada.

Ripoti hiyo ilijadiliwa wapi? Mjini. Semina zikafanyika wapi? Mjini. Dar es Salaam, Dodoma, zikijitahidi sana Iringa mjini, ukumbini, na bango na chai. Idodi hazikufika. Semina zinaishia mjini.

Tumeambiwa ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ya bure. Ni kweli ipo, ni ya bure, na tunaitangaza hapa kila siku. Lakini kupiga simu kunamtaka mtu asikie na aongee. Kiziwi wetu ataongea nini? Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, jambo jema kabisa, lakini mtoto huyo akifikishwa hapo bila mkalimani wa lugha ya alama, maelezo yake yataandikwaje? Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, unataka kila kijiji kiwe na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Wenyeviti wa vijiji mnaotusikiliza, kamati zenu zilikaa lini mara ya mwisho? Na waliozijaza walifundishwa nini kuhusu simu? Hawakufundishwa, kwa sababu semina zinaishia mjini.

Kuna jingine, na hili linatuuma kuliko yote. Anayemweka mtoto mwenye ulemavu hatarini mara nyingine ni sisi wenyewe. Mtu mzima na akili zake anampiga video mtoto mwenye ulemavu wa akili akicheza muziki pale senta, anaituma, watu wanacheka, inazunguka hadi Mbeya. Mwingine anampiga picha mtoto wa jirani mwenye ualbino, anaandika jina la mtoto, jina la kijiji na jina la shule, anaiweka Facebook ya watu wote eti wamsaidie. Mmesahau Mei 2024 kule Muleba, Kagera? Mtoto wa kike mwenye ualbino, umri wa miaka miwili na kidogo, alinyakuliwa nyumbani kwao na akapatikana ameuawa. Katika nchi ambayo jambo hilo limetokea jana tu, unamwandikia nani anwani ya mtoto? Kama familia inahitaji msaada, wapelekeni ustawi wa jamii, semeni na mchungaji, semeni na shehe. Na picha za utupu za mtoto hata kuzisambaza tu ni jinai: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Usiseme mimi nilitumiwa tu nikatuma.

Basi tufanye nini leo hii, kabla ya hao wa semina kukumbuka njia ya Idodi? Mama, baba, shikeni simu zenu. Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, na mweke kwamba ni watu mliohifadhi namba zao tu wanaoweza kuwaingiza kwenye makundi. Hapohapo mfiche picha ya wasifu kwa msiowajua. Zimeni ile ya kupakua picha na video zenyewe, kwa sababu ndiyo inayomwaga uchafu kwenye simu hata hamjaufungua. Wekeni namba ya siri ya M-Pesa ambayo mtoto haijui, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Kama hamjui, muulizeni mwalimu wa sekondari, muulizeni mpwa wenu aliyetoka chuo, msione haya.

Kisha kaeni na mtoto. Jifunzeni alama chache kutoka kwake: mbaya, nani, hapana, niambie. Yeye ndiye mwalimu wenu katika hilo. Mwenye usonji atapenda kanuni moja isiyobadilika, kila siku ileile: simu tunaitumia sebuleni, saa hii hadi saa hii, picha za mwili hatutumi kwa mtu yeyote. Mwenye ulemavu wa akili mrudieni kwa picha, mrudieni kwa kuigiza, mrudieni kesho na keshokutwa. Na siku atakapokuja na simu mkononi akilia, msimpige. Mkimpiga, hatarudi tena kuwaambia.

Idodi inajua kuzika watoto. Agosti 2009 moto uliwaua wasichana 12 bwenini katika shule yetu ya sekondari, na viongozi wakaja, magari yakajaa. Walikuja baada ya msiba. Tunasema safari hii waje kabla. Kama barabara hii ya kwenda Msembe inapitisha magari ya watalii kila siku kwenda kuona tembo wa Ruaha, itapitisha pia gari moja la ofisa ustawi wa jamii na mkalimani mmoja wa lugha ya alama.

Wazazi, msikubali tena kusomewa ripoti ya semina ambayo hamkuiona! Ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Diwani akipita, mwulizeni. Mbunge akija, mwulizeni. Siku ya Kimataifa ya Usalama Mtandaoni ni tarehe 10 Februari 2026. Tunaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Iringa iifanyie hapa, kwenye uwanja wa shule, mchana, si ukumbini mjini. Mkalimani awepo. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wakae mbele. Na barua ya kuomba hilo iandikwe na kila serikali ya kijiji katika tarafa hii kabla shule hazijafunguliwa Januari.