MWILI WA KUKU NA BARIDI YA KARATU



Ukimtazama mbuni kule kreta, ukamtazama na heroe wa Ziwa Magadi la humo humo, kisha ukamgeukia kuku anayeparua uani kwako, hawafanani hata kidogo. Lakini wote ni ndege: wana manyoya, mdomo usio na meno, hutaga mayai yenye ganda gumu, na miili yao ina joto kuliko yetu. Joto la kuku ni kama digrii 41. Letu sisi ni 37.

Joto hilo hulindwa na manyoya, na hapo ndipo penye hasara yetu. Kifaranga huanguliwa baada ya siku 21 akiwa na malaika tu. Manyoya ya kumkinga na baridi huyapata akifikia wiki 4 hadi 6. Mama akiwepo, humfunika kwa mbawa. Ukimtenga na mama, wewe ndiwe bawa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwezi wa Julai, niliweka vifaranga 40 katika boksi lenye majani makavu, nikaona yatosha. Asubuhi nikawakuta wamelaliana pembeni, 17 wamekufa. Na mimi ndiye niliyetumwa kufundisha watu!

Basi wiki ya kwanza wape joto la digrii 32 hadi 35, kisha punguza kama digrii 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakirundikana na kulia, wanaona baridi. Wakikimbia moto na kuhema mdomo wazi, joto limezidi, maana ndege hatoki jasho. Wazungushie duara, kusiwe na kona ya kulaliana. Makaa yakae ndani ya chungu, na upenyo wa juu uachwe wazi, kwani hewa ya mkaa huua hata pasipo moshi. Ndege ana vifuko vya hewa vilivyoungana na mapafu na kuenea mwilini, hivyo hewa mbaya humdhuru upesi.

Kusaga chakula ni kazi ya firigisi. Kuku anayezurura hujiokotea vijiwe. Uliyemfungia mtilie changarawe ndogo. Anayetaga anahitaji chokaa ya kutengenezea ganda. Maganda ya mayai yanafaa, ila yakaushe motoni, uyaponde sana. Akiyatambua kwa sura, ataanza kudonoa mayai yake mwenyewe.